Njia za Kukimbia, Kutoka Mnarani Hadi Sabaki

Mpwa wangu anaishi Ufaransa, katika jimbo la Bretagne, kule magharibi ambako nchi imejichomoza baharini. Siku za kazi hana nafasi, lakini Jumapili hukimbia, na akirudi hunitumia picha: kinjia chembamba cha udongo juu ya majabali, bahari chini, ng'ombe wanalisha upande wa pili, na kwenye jiwe au nguzo pana mistari miwili ya rangi, mweupe na mwekundu, kumwonyesha mpitaji kwamba hajapotea. Majuzi aliambatanisha swali. "Mjomba, nikija Desemba nitakimbilia wapi? Ile njia yetu ya kushukia ufukweni bado ipo?"

Nilichelewa kumjibu kwa sababu jibu lenyewe ni refu. Njia anayoiulizia haipo. Pale ilipokuwa pana ukuta wa mawe ya matumbawe, lango la chuma na askari. Lakini kumwambia "haipo" na kunyamaza hakutoshi. Njia ile ina wenyewe, na wenyewe si mimi wala yeye.

Nimekulia Mnarani, upande wa kusini wa hori la Kilifi. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, aliyetoka Mombasa kwenda Malindi au Lamu alivuka hapo kwa feri. Mabasi yalipanga foleni kwenye mteremko, abiria wakatoa vichwa madirishani, na sisi watoto tukakimbia kandokando ya magari na sinia za korosho, machungwa na mihogo ya kukaanga. Huko ndiko nilikojifunza mbio. Hayakuwa mazoezi. Basi likianza kusogea kuelekea kwenye feri, ulikuwa na dakika chache za kupokea senti na kurudisha chenji, na anayefika dirishani kwanza ndiye anayeuza. Nilikuwa na miguu, lakini kulikuwa na msichana mmoja wa mtaa wa pili ambaye hatukumpata hata siku moja, na sinia lake kichwani.

Daraja lilipofunguliwa mabasi yakapita juu bila kusimama. Biashara ya ferini ikafa, na wazee wetu waliihesabu kuwa msiba, maana nyumba nyingi zilikula kutoka pale. Barabara ya kushukia majini ikabaki tupu, nyasi zikaota kwenye nyufa za lami. Sisi tuliokuwa vijana tukaigeuza uwanja. Tulianzia chini kabisa, kwenye saruji ya zamani ya feri, tukapanda hadi kwenye magofu ya Mnarani, ambako pana misikiti na makaburi ya karne ya 14 hadi ya 17, kisha tukatoka barabara kuu na kuvuka daraja hadi Kilifi mjini na kurudi. Miezi ya kaskazi, jioni, utawaona kutoka darajani keremkerem wekundu wakirejea kwa makundi kulala kwenye mikoko. Mwendo ule haufiki hata nusu ya mazoezi ya mwanariadha wa Iten, ila bado sijaona wa kuushinda kwa macho. Mpwa wangu nitampeleka huko kwanza.

Nilichokiona baadaye ni kwamba kila njia nzuri ya kukimbia niliyopata kuipenda pwani hii ilifunguliwa na kazi ya mtu. Ya ferini ilifunguliwa na wachuuzi. Zile za katikati ya mashamba ya katani zilifunguliwa na vibarua waliokata majani. Hakuna aliyekaa kitako kupanga mandhari.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilipata kazi Malindi. Ufukwe wa pale, kuanzia kwenye mnara wa Vasco da Gama kuelekea kusini hadi hifadhi ya bahari, ni mweupe na mpana, na mivinje yake inavuma kama watu wanaonong'onezana msikitini. Aliyenifundisha kuutumia alikuwa mvuvi mmoja wa makamo aliyekuwa akitia viraka nyavu zake. Alfajiri moja aliniona nikizama kwenye mchanga laini juu kabisa ya ufukwe, akaniita.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Leo mwezi ngapi, mwanangu?"

Nikamtajia tarehe ya kalenda. Akacheka. "Nakuuliza mwezi, si karatasi. Leo mwezi kumi na tano. Bamvua hii. Maji yamejaa saa kumi ya usiku, bado hayajashuka. Rudi saa mbili utapata uwanja."

Nikarudi saa mbili, na uwanja nikaupata: mchanga mgumu, umelowa kidogo, mguu unagusa na kuinuka. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, usiku na mchana. Wakati wa maji mafu, mwezi saba au ishirini na mbili hivi, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na ukanda wa mchanga mgumu unaupata hata kukiwa bado na giza. Kulikuwa na Mtaliano mmoja mzee, mkazi wa Malindi kwa miaka mingi, aliyekimbia pale na jedwali la maji lililochapishwa, amelikunja mfukoni. Ami alihesabu kwa mwezi, Mtaliano kwa jedwali, na wote wawili walifika ufukweni saa ileile. Mimi nilimfuata ami, kwa kuwa hakuhitaji miwani.

Yeye pia ndiye aliyenieleza habari ya pepo. Kusi, linalovuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, linatoka kusini na kurundika mwani ufukweni. Basi anza kwa kukabili upepo kuelekea kusini ukiwa na nguvu, urudi nao mgongoni. Kaskazi likishika, kuanzia Desemba, geuza: elekea kwanza mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa mji. Upande huo si wa picha za hoteli. Mchanga ni wa kahawia, maji yana rangi ya chai ya maziwa, maana Sabaki ndio huohuo Galana na huohuo Athi, na unabeba udongo wa mashamba ya bara tangu karibu na Nairobi. Matope hayo yamejaza ghuba hata nyumba zilizojengwa ukingoni mwa maji zikajikuta mbali nayo. Mlangoni mwa mto wapo viboko na heroe, na ukimbiaji unakwisha hapo, maana kiboko si wa kujaribiwa.

Ng'ambo ya Sabaki ndiko Wagiriama walikofukuzwa na serikali ya kikoloni mwaka 1914, baada ya kukataa kutoa vijana wao wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu. Mekatilili wa Menza, aliyewasimamisha watu kwa kiapo mwaka 1913, alikamatwa akapelekwa magharibi ya Kenya, akatoroka, na akarudi kwa miguu. Kutoka magharibi ya Kenya hadi Giriama! Nikikimbia upande ule, nikaanza kujihurumia kwa kichomi, humkumbuka mama yule na kuona haya.

Kuna watu waliotuambia pwani si mahali pa mbio. Jibu walilipata tarehe 24 Machi 2007, Mombasa ilipoandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Nilikwenda na wenzangu wa kazini. Machi ni msimu wa tangambili, kaskazi limelegea na kusi halijafika, hewa imesimama na jasho halikauki. Mbio zilikuwa kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, lakini siku hiyo bahari haikusaidia. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda miaka mitano mfululizo mbio zote mbili, ndefu na fupi, alijitoa katika mzunguko wa mwisho. Aliyeshinda ni Zersenay Tadese wa Eritrea. Wakimbiaji walianguka mmoja baada ya mwingine, wakabebwa kwa machela. Mama mmoja aliyesimama mbele yangu, ametandika leso yake kichwani, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Na sisi huteka maji kwa jua hilihili."

Tangu siku hiyo sikumlinganisha tena mkimbiaji wa pwani na wa Iten kwa saa. Hapa unatoka kabla jua halijachomoza, saa kumi na mbili kasorobo, na saa mbili uwe umeshaoga. Bamvua ikikulazimisha kungoja maji, basi fupisha. Kunywa dafu kabla ya kiu. Mapigo yako yakipanda, tembea. Hakuna anayekucheka, kila mtu hapa anajua joto ni nini.

Nilirudi Kilifi, na mpwa wangu akaja kukaa nasi alipokuwa shule ya upili. Mama yake, dada yangu, alikuwa mama karanga, wale wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza jioni. Kila alfajiri alishuka ufukweni kungoja mashua, na binti yake alimsindikiza. Njia ilikatiza katikati ya viwanja viwili vilivyokuwa na vichaka tu, upana wake wanawake wawili wenye ndoo wanapishana bila kugusana. Samaki wakichelewa, binti alianza kukimbia ufukweni ili apate joto. Siku zikapita, akawa anakuja kwa sababu ya kukimbia na samaki wakawa kisingizio. Alivaa suruali ya michezo, na dera juu yake hadi afike mchangani, kisha dera akamwachia mama.

Mtu asiyeijua pwani atadhani wazee walimkataza. Waliuliza, ndiyo. "Wee mwanangu, mbio hizo unafukuzwa na nani?" Naye akajibu, "Mazoezi, bibi," na bibi akaendelea kuparua samaki. Usalama wake ulikuwa ni hao mabibi. Kila mita mia palikuwa na mama anayemjua mama yake. Kijana aliyejaribu kumwandama siku moja aliitwa kwa jina la baba yake kutoka pande tatu, na hakurudi. Ndipo nilipoelewa kwamba ukitaka kujua kama njia inafaa kukimbiwa, usitazame mandhari, tazama kama msichana anaweza kupita peke yake kukiwa na ukungu. Taa za barabarani hazina kazi kubwa hapo. Kazi ni ya watu wanaoamka mapema.

Zipo njia nyingine ambazo hazikunipa uhuru wa kukimbia peke yangu. Gede, kwa mfano. Magofu yale yalitangazwa kuwa eneo la kihistoria mwaka 1927, na James Kirkman akaanza kuyachimbua mwaka 1948. Ukipita kando ya kuta zake asubuhi, kima wanakutazama kutoka juu ya mibuyu kama wenye nyumba. Kutoka hapo msitu wa Arabuko-Sokoke hauko mbali, kilomita za mraba 420, na kwa mkimbiaji una sakafu mbili: mchanga mweupe palipo na mirihi, na udongo mwekundu ukizidi kuingia magharibi. Ni baridi, ni kimya, na una ndovu. Kwa hiyo unapita kituo cha Gede, unalipa, unaongozana na askari wa msitu au mwongozaji, na mbio zako ni za mwendo wake. Sijaona ubaya wowote katika hilo. Msitu ni mali ya wengi na ndovu hawajui kusoma mabango.

Safari iliyobadilisha fikira zangu zaidi ilikuwa ya bara kidogo, upande wa Jaribuni. Tulikuwa kikundi, wengi wao vijana wa chuo, tunakimbia kwenye vijia vya mashamba ya mahindi na mihogo. Mbele yetu kulikuwa na msitu mdogo, mzito, wenye miti mikubwa kuliko yote ya jirani, na njia ikaingia ndani yake. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mkorosho akanyanyua fimbo.

"Simameni hapo, wajukuu wangu."

Tukasimama, tukampa shikamoo. Akatueleza bila hasira kwamba ule ni msitu wa kaya. Ndani yake wamelala wazee wao, na huko huombewa mvua. Mtu haingii na viatu, hakati hata kijiti, na mbio hazipigwi. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliandikwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini mzee hakututajia UNESCO, wala hakuihitaji. Kisha akajikusanya, akainuka, akatutangulia kwa mwendo wake wa polepole hadi kwenye kijia kingine kilichozunguka msitu kwa chini, kikapita kwa mgema aliyekuwa juu ya mnazi na kotama yake kiunoni, kikashuka mtoni. "Hii piteni mpendavyo," akasema. "Mkirudi mnipitie niwajue mmefika." Njia ile ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Namkumbuka mzee huyo kila ninapofika kwenye lango la chuma.

Siku niliyolikuta lango hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimevaa viatu vya mbio na nimelowa jasho. Askari alikuwa kijana kutoka Ganze, mpole, sare yake imemzidi.

"Samahani, mzee. Hapa hapapitwi siku hizi."

"Kijana wangu, hii ni njia ya ufukweni."

"Najua, mzee. Mimi mwenyewe nimeagizwa."

"Sasa watu washukie wapi?"

Akageuka akatazama ukuta kulia, akatazama ukuta kushoto. Hakuwa na pa kunionyesha. Nikamwuliza kama yeye huoga baharini akitoka zamu. Akasema hapana, akitoka zamu hupanda bodaboda kwenda zake nyumbani, kwani kushuka majini sasa ni mpaka uzunguke mbali.

Mwenye kiwanja simlaumu kwa kutaka ukuta. Nani asiyejua wizi? Linaloniuma ni kwamba njia ilikuwepo kabla ya kiwanja kupata hati, na hakuna karatasi inayosema hivyo. Chanzo chake ni cha zamani. Sheria ya mwaka 1908 ya hatimiliki za ardhi ya ukanda wa pwani iliwataka wenye madai wajitokeze. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Ufalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi walibaki nje ya daftari lile, na vizazi vyao vikaitwa maskwota juu ya ardhi waliyozikia babu zao. Mtu asiye na hati ya shamba atapata wapi hati ya kijia? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema wazi kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kwa hiyo mchanga ule mgumu alionifundisha ami ni wetu sote. Tatizo ni kuufikia. Unaweza kuwa na haki ya kukimbia ufukweni na usiwe na pa kuteremkia.

Nilipomweleza mpwa wangu haya, akanijibu kwa habari ya njia yake ya Bretagne, na ikanishangaza kwa jinsi ilivyofanana na zetu. Haikutengenezwa kwa watalii. Ilianza mwisho wa karne ya 18, ikikanyagwa na maofisa wa forodha waliozunguka pwani usiku na mchana kuwasaka walanguzi wa magendo. Kazi hiyo ilipokwisha, njia ikaota magugu, mpaka wapenda matembezi walipoifufua mwaka 1968. Leo ina urefu wa kilomita 2,000 hivi. Na mwaka 1976 bunge la Ufaransa lilipitisha sheria kwamba mwenye kiwanja kinachopakana na bahari lazima aache ukanda wa mita tatu kwa wapitao kwa miguu. Kiwanja kinabaki chake, nyumba ni yake, mita tatu ni za wapitaji. Matajiri wa huko walipinga, wapo wanaopinga mahakamani hata leo, lakini njia inapitika.

Sisemi tuige kila kitu. Bahari yao ni baridi, na hawana mama karanga. Ila sisi tumezoea kuhesabu hasara za pwani kwa vitu vikubwa tu. Mwaka 2022, mibuyu ya Kilifi ilipong'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi Georgia, nchi nzima ilipiga kelele, na ilistahili. Mibuyu ile ni ya miaka mingi, na kwa sisi tunaokimbia ndiyo vibao vyetu vya njia, mtu humwelekeza mwenzake "ukifika mbuyu wa pili kata kushoto". Kijia kikifungwa hakuna anayepiga kelele. Dada yangu na wenzake sasa hushuka kwa tuktuk kwenda diko la mbali, nauli inakatwa kwenye faida ya samaki, na msichana wa leo anayetaka kukimbia asubuhi hana mabibi wa kumtazama.

Kati ya Mnarani na Sabaki bado vijia vya namna hiyo vimebaki, na vingi vinapita kwenye viwanja ambavyo vichaka havijafyekwa. Wapimaji wa ardhi, wajumbe wa bunge la kaunti, na nyinyi mnaonunua viwanja ufukweni: viandikeni kwenye ramani kabla ukuta haujasimama, mita tatu tu kila kimoja. Msipojua viko wapi, amkeni saa kumi na moja alfajiri mkawaulize mama karanga. Wanavijua vyote.